Katikati ya Nyusi

Kama kuna mtu aliyezaliwa bila kipaji cha kuficha karatasi, basi ni Milimita. Barua ile aliitembeza kwenye mfuko wa aproni kwa wiki tatu. Aliisoma chooni, akaisoma kitandani, akaikunja mpaka ikawa ndogo kama kiberiti, na hakuna aliyeshtuka. Halafu Ijumaa asubuhi, kwa mikono yake mwenyewe, akaiweka mahali ambapo wifi yake angeikuta bila hata kuitafuta.

Msimcheke haraka. Chumba cha nyuma cha duka lile la miwani kilikuwa na kanuni moja, na kanuni hiyo aliitunga yeye: kila karatasi yenye tarehe hukaa kwenye trei ya tarehe yake. Trei zilipangwa rafuni kwa siku, kila moja na lenzi zake mbili, fremu yake na karatasi ya oda. Asubuhi ile, alipokuwa akiandaa trei za Jumatatu, mkono uliingia mfukoni, ukatoa barua, ukaiweka. Karatasi ya Jumatatu, trei ya Jumatatu. Alijisikia mwepesi baada ya hapo, kama mtu aliyetoa kijiwe kwenye kiatu, akarudi kusaga lenzi bila kuwaza zaidi.

Jina la Milimita alipewa hapo hapo dukani, kwa sababu lenzi ikizidi kwa unywele tu yeye huijua kwa kidole kabla hajaipima. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, na tisa kati ya hiyo ilimpitia ndani ya chumba kile kisicho na dirisha, yeye na mashine yake. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo, mchapakazi, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Mdogo wake wa kiume ndiye aliyekuwa akiwapima wateja macho kwenye chumba cha giza, mlango wa pili kutoka kwa Milimita, na ndiye aliyemchumbia. Kwa hiyo bosi ndiye wifi, kazini ndiko ukweni, na ukikosana na mmoja umekosana na jengo zima.

Saa tisa na nusu mlango ulifunguliwa bila hodi.

"Wifi, zima mashine."

Milimita akazima. Alipogeuka aliiona karatasi kabla ya kumwona aliyeishika.

"Nilikuwa natafuta miwani ya yule mwalimu mstaafu," alisema mwenye duka. "Nimekuta hii. 'Uchunguzi wa usonji, yaani autism, kwa watu wazima.' Wifi, hii ni nini?"

"Ni barua."

"Naona ni barua! Nina macho, na duka la miwani juu yake. Nakuuliza ni ya nini."

"Ni ya kliniki. Nilijiandikisha."

Wifi akaisogeza karatasi mbali na uso, kwa maana miwani yake mwenyewe huwa haipo panapohitajika, akaendelea kusoma. "'Thibitisha kwa simu kabla ya saa kumi na moja jioni, siku ya Ijumaa, la sivyo nafasi itapewa mwingine.' Ijumaa si ndiyo leo? 'Uje na mzazi au mtu aliyekulea.' Makubwa! Ulijiandikisha lini?"

"Miezi kumi na moja iliyopita."

"Yaani siku mnavishana pete, tunapiga vigelegele hapa, wewe uko kwenye foleni?"

"Mbele yangu walikuwa wamebaki ishirini na sita," alisema Milimita, kwa sababu aliulizwa.

Mwenye duka alivuta kigoda akakaa. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mtu mbaya ungemjibu ukamaliza.

"Nani aliyekutia maneno haya?"

"Unamkumbuka yule mama aliyekuja na binti yake mdogo, kila akivishwa miwani anaivua analia?"

"Yule uliyemfungia vitambaa kwenye fremu?"

"Ndiyo. Nilifunga kitambaa laini pale inapogusa nyuma ya sikio. Yule mama akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia hata yangu nimeifunga, bila hivyo siwezi kuivaa hata saa moja. Akasema binti yake ana usonji. Akaniuliza, dada, wewe umewahi kupimwa?"

"Basi! Kwa ajili ya kitambaa!"

"Kwa ajili ya kitambaa nilianza kusoma," alisema Milimita. "Na kila ukurasa ulikuwa unanisema mimi, wifi. Kama kuna mtu aliyenikalia dirishani tangu utotoni anaandika."

Mwenye duka alikunja barua, akaikunjua, akaiweka mapajani.

"Nikwambie ukweli? Tangu uingie hapa hakuna miwani iliyowahi kurudishwa. Mdogo wangu alikuwa hashikiki, leo huyu kesho yule. Tangu akupate wewe ametulia. Sasa mtu tunayempenda hivi anakwenda kutafuta karatasi ya kusema ana kasoro, ili iwe nini?"

"Si kasoro."

"Mimi najua si kasoro! Lakini utamwambia hivyo mama yetu? Siku neno hilo linamfikia, swali lake litakuwa moja tu: na watoto je? Na harusi itasimama hapo hapo. Unamjua mama."

Milimita alimjua. Kila Jumapili walikula mchana kwa mama mkwe, na kila Jumapili alikwenda na maswali sita aliyoyakariri: la afya, la majirani, la mguu unaouma, na kadhalika. Aliyatoa moja moja kama mtu anayelipa nauli. Akirudi kwake alijifungia bafuni, akalala sakafuni shavu likiwa kwenye vigae vya baridi, mpaka aliposikia pumzi zake mwenyewe tena. Mama mkwe alimsifu kwa kila mtu. Msichana mtulivu, alisema, anayejua kuulizia wazee.

"Sikiliza," wifi aliinama mbele, akashusha sauti, jambo ambalo lilimgharimu. "Piga simu sasa hivi, waambie huji. Mimi barua naichana, na sikuona kitu. Naapa. Na nikwambie jingine, nililiweka la kukushtukiza siku ya harusi lakini leo acha nilitoe. Mkishafunga ndoa, unatoka humu. Natafuta fundi mwingine wa mashine. Mke wa nyumba hii hawezi kukaa shimoni kama panya! Utakaa mbele na mimi kaunta, unapokea wateja. Ukitaka, unatabasamu vizuri sana wewe."

Uso wake ulikuwa umeng'aa. Ilikuwa zawadi, na ilitoka moyoni. Milimita aliiona kaunta ile, na kengele ya mlangoni, na vioo ukuta mzima ili usipate hata pembe moja ya kujificha usijione, na manukato ya kila anayeingia, na redio. Aliihesabu miaka mpaka uzeeni.

"Asante, wifi," alisema, kwa sababu ndivyo mtu anavyosema akipewa zawadi.

Mlango ukafunguliwa tena.

"Mbona mashine imenyamaza?" Alikuwa mchumba wake. Milimita alimwita Sitini na Nne. Huo ndio umbali, kwa milimita, kati ya mboni yake moja na nyingine, na aliujua kabla hajaijua sauti yake, kwa kuwa kazi ya kwanza aliyomfanyia ilikuwa kumsagia miwani. Mara ya kwanza kuitwa hivyo alicheka mpaka akakohoa. Siku hizi alijitambulisha hivyo mwenyewe kwenye simu.

Dada yake aliinuka, akamtia barua mkononi. "Soma. Mimi nina wateja." Mlangoni akageuka. "Na saa kumi na moja haiko mbali."

* * *

Walikwenda chumba cha giza, kwa kuwa ndicho pekee dukani ambacho wateja hawachungulii. Sitini na Nne alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akawasha taa ndogo ya kusomea, akasoma barua mara mbili. Milimita alibaki amesimama, mgongo umegusa mlango.

"Miezi kumi na moja," alisema Sitini na Nne. "Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapa."

"Siulizi hivyo, Mili."

"Unaulizaje?" Hakuwa anafanya mzaha. Alitaka kulijibu swali lenyewe.

"Namaanisha kwa nini hukuniambia?"

"Kila Jumamosi nilipanga kukwambia. Kila Jumamosi ulikuwa na furaha."

Sitini na Nne akacheka kidogo, kicheko kisichofika popote. Aliiweka barua kwenye meza ya vifaa, akasugua uso kwa viganja. Milimita aliipenda mikono ile. Aliipenda inavyogeuza lenzi gizani bila kuiangusha, na sauti inavyouliza kwa upole wateja wanaoogopa. Mapenzi yake yote yalikuwa hapo, kwenye sauti na mikono, na alikuwa hajamwambia mtu.

"Haya, tuongee kama watu wazima," alisema mwanaume. "Tangu nianze kazi hapa nakuona kila siku, miaka miwili sasa. Kuona ndiyo kazi yangu, napata mkate wangu kwa kuona. Na sijaona tatizo lolote kwako. Hata moja!"

Alilisema kwa mapenzi kabisa. Lilimchoma Milimita kama sindano chini ya ukucha.

"Hujaona kwa sababu nimeficha vizuri."

"Mtu anaficha jambo kama hilo vipi? Si wanasema hawawezi kumtazama mtu machoni? Wewe mbona unanitazama? Tena wewe! Siku ile ya kwanza umeniletea miwani yangu, ulinitazama mpaka nikasahau nilichotaka kusema. Nilikwenda nyumbani nikamwambia dada, yule fundi wako wa nyuma ana macho ya kumvua mtu nguo. Muulize dada. Mili, mimi wewe nilikupendea macho."

Hapo Milimita angeweza kunyamaza. Wengi wangenyamaza, na nani angewalaumu? Miezi miwili ilikuwa imebaki, gauni lilikuwa kwa mshonaji, mama mkwe na mwanaume aliye mbele yake wote walikuwa wanamtaka. Kilichotakiwa ni kuacha tu sentensi ile ipite, kama alivyoacha nyingine nyingi zipite. Kitasa cha mlango kilikuwa kinamchoma mgongoni.

"Nilikuwa natazama hapa," alisema. Akanyoosha kidole bila kumgusa, kuelekea katikati ya nyusi zake. "Machoni sijawahi kukutazama."

"Unasema nini?"

"Mama alinifundisha nikiwa na miaka sita. Ukimtazama mtu katikati ya nyusi, anadhani unamtazama machoni. Sekunde mbili, anaona una adabu. Nne, anaona unamsikiliza. Sita, anadhani unampenda."

Kwa nje kengele ya mlango wa duka ililia, na dada yake akasikika akimkaribisha mtu kwa bashasha.

"Na mimi siku ile ulinitazama sekunde ngapi?"

"Sita."

"Ulikuwa unahesabu."

"Nahesabu kila mtu."

"Halafu baadaye? Siku ya pete? Siku ile tumenyeshewa tukakaa chini ya paa la benki, nikakwambia mambo ambayo sijamwambia hata dada, ukanitazama vile..."

"Nilikuwa nahesabu. Lakini yote uliyosema nilikuwa nayasikia. Naweza kukuambia neno kwa neno."

"Sitaki neno kwa neno!" Aliinuka, kiti kikagonga ukuta. "Nataka kujua kama hata mara moja ilikuwa kweli."

"Kukutazama haikuwa kweli. Kukupenda ni kweli. Hivyo ni vitu viwili."

"Kwangu mimi kilikuwa kitu kimoja," alisema.

Milimita alijua ameumiza, na alijua uso wake hauonyeshi, na alijua kwamba mwanaume yule, aliyezoea kusoma nyuso, sasa hivi anausoma huo na kuona hakuna kitu. Ndani alikuwa anaungua. Alitamani angekuwa na kidirisha kifuani amfungulie achungulie, amalize.

Sitini na Nne alizunguka chumba kile kidogo, hatua tatu kwenda, tatu kurudi. Aliposimama alikuwa ameshajikaza.

"Sawa," alisema. "Sawa. Nimekusikia. Basi mimi nakukubali ulivyo, kuanzia leo. Usiende. Simhitaji daktari aje kuniambia mke wangu ni nani. Tuyafunike haya, mimi na wewe, tufunge ndoa, tuishi."

Ni maneno ambayo msichana yeyote angelala nayo chini ya mto. Milimita aliyageuza huku na huku akitafuta mahali pa kutokea, hakupaona. Wifi alitaka wafunike kwa sababu ya mama. Huyu alitaka wafunike kwa sababu ya mapenzi. Kifuniko kilikuwa kile kile, na wa chini yake alikuwa yeye.

"Unamkubali nani?" aliuliza. "Mimi mwenyewe simjui. Nikirudi kutoka kwa mama yako nalala bafuni sakafuni. Unajua hilo?"

"Sakafuni? Kwa nini?"

"Sijui kwa nini! Ndiyo maana nataka kwenda. Shuleni waliniita mkaidi. Kwenye kazi yangu ya kwanza waliniita mwenye roho ngumu, wakanifukuza. Dada yako anataka kuniweka kaunta. Nitakaa pale, nitatabasamu, kwa sababu nikianza kazi siachi. Na siku moja nitaanguka mbele ya wateja, mtanipepea, mtaniuliza nina nini, na sitakuwa na neno la kuwajibu. Nataka neno tu."

"Na wakisema huna?"

Hilo Milimita alikuwa hajalisema kwa mtu. Akajishikiza kwenye meza ya vifaa.

"Hilo ndilo linanitisha kuliko yote. Wakisema ninao, nakukosa wewe. Wakisema sina, basi hakuna sababu. Basi ni mimi tu, mtu mbaya asiyependa watu. Nimefikiri kila upande, kila upande kuna ukuta. Lakini nikikaa bila kujua, ukuta ni pande zote nne."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na robo. Sitini na Nne aliitazama, akamtazama yeye, kisha akaegemea ukuta kama aliyechoka ghafla.

"Wamesema uende na mama. Mama yako anajua?"

"Bado."

"Mili! Imebaki robo tatu ya saa!"

* * *

Simu iliita mara moja. Mama yake Milimita alikuwa fundi cherehani, na hata akipokea simu mguu wake haukuacha kukanyaga. Mlio wa cherehani ulijaa chumba cha giza, maana Milimita aliweka spika. Simu sikioni hakuiweza.

"Mama, kuna miadi kliniki, Jumatatu saa tatu asubuhi. Ya kupimwa usonji. Wanataka uje nami."

Cherehani kikasimama.

"Nani mwingine amesikia?"

"Wifi. Na mchumba mwenyewe. Yuko hapa."

"Mungu wangu. Mwanangu, hivi miaka yote ile mimi nilikuwa nafanya kazi gani? Kila asubuhi kabla ya shule nakushika kidevu, nakugeuza uso, tazama hapa, tazama hapa. Unalia, na mimi nalia, na sikuachii. Ili wasikucheke. Ili uolewe! Leo umepata mtu, ndio unataka niende kwa daktari nikayamwage?"

"Ndiyo. Hayo hayo ndiyo wanayotaka kusikia."

"Nikamwambie nilikuwa nakushika kidevu unalia?"

Milimita alikuwa anakikumbuka kidole gumba. Alikikumbuka kilivyokuwa na harufu ya mafuta ya cherehani. Kwamba mwenye kidole naye alikuwa analia, hakuwahi kujua, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefundishwa kukaa mahali pamoja.

"Mama, hukufanya vibaya."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilifanya nilichojua." Alipenga kamasi, na sauti iliporudi ilikuwa imekaza. "Nakuja kwa sharti moja. Huyo mwanaume aseme kwa kinywa chake kwamba harusi ipo, waandike wasiandike. Akisema ipo, Jumatatu nakuja. Asiposema siji, na wewe utulie uolewe. Mpe simu."

Ndivyo mambo yalivyokaa. Bila mama hakuna miadi, na bila neno la mwanaume yule hakuna mama. Milango yote ilikuwa imefungwa kwa ufunguo mmoja, na ufunguo alikuwa nao mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemuumiza dakika ishirini zilizopita.

"Shikamoo, mama," alisema Sitini na Nne, akiinamia simu.

"Marahaba, baba. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Harusi ipo?"

Neno lenyewe lilikuwa moja tu. Sema ipo, Milimita aliomba kimoyomoyo, sema hata kama ni uongo, nimewadanganya watu maisha yangu yote, nidanganyie mmoja. Alikitazama kidole cha Sitini na Nne kikipita na kurudi kwenye ukingo wa barua.

"Mama, sijui."

"Hujui!"

"Saa tisa nilikuwa najua. Sasa hivi sijui. Kuna jambo nimeambiwa leo na bado linaniuma, na nikikwambia vingine nitakuwa nakudanganya." Alivuta pumzi. "Lakini mpeleke, mama. Mpeleke hivyo hivyo. Mtu amebeba kitu peke yake miaka yote hii, na mimi nilikuwa chumba cha pili nasifia macho yake. Mpeleke kwanza. La harusi ni langu, niachie nihangaike nalo mwenyewe."

Kwenye spika mkasi ulisikika ukiwekwa mezani.

"Mtoto huyu nimeongopewa juu yake tangu ana miaka mitatu," alisema mama, taratibu. "Ooh, atakua ataacha. Ooh, ni haya tu. Madaktari, walimu, ndugu. Na mimi nikawafuata kwa sababu nilitaka iwe hivyo." Akasita. "Hiyo saa tatu ni saa tatu kamili, au ni saa tatu ya kwenda kukaa kwenye benchi?"

"Saa tatu kamili, mama," alisema Milimita.

"Saa mbili na nusu niko getini."

Cherehani kikaanza tena, simu ikakatika.

Kliniki alipiga Milimita mwenyewe. Karani aliuliza kama anathibitisha, akasema anathibitisha. Akaulizwa anakuja na nani, akasema na mama yangu. Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini na moja. Alikuwa amengoja miezi kumi na moja kwa ajili ya simu ile, na haikumaliza hata dakika mbili. Alidhani akikata simu kifua kitafunguka. Hakikufunguka. Jumatatu ilikuwa mbele yake, wifi alikuwa nyuma ya mlango, na mtu aliyempenda alikuwa anavaa koti.

"Dada nitamwambia mwenyewe," alisema Sitini na Nne. "Usitoke mpaka nimalize naye, asije akakupigia kelele."

"Asante."

Alimpita, akashika kitasa, akasimama.

"Kabla sijatoka, nitazame," alisema. "Mara moja tu. Kama zamani."

Angeweza. Jamani, angeweza! Ni kuinua kidevu, kupatafuta pale katikati ya nyusi, kuhesabu mpaka sita. Mwanaume yule angelainika pale pale aliposimama, angemshika mkono, harusi ingerudi mahali pake kabla duka halijafungwa. Alimjua mwanaume huyu kama anavyojua lenzi, alijua hasa ni wapi atavunjika. Na shingo yake ilikuwa imeshaanza kuinuka yenyewe, kwa miaka ishirini na saba ya mazoezi.

"Hapana," alisema.

"Hata leo?"

"Nikikutazama hivyo utamwoa yule anayehesabu. Mimi utaniacha humu."

Akayaacha macho yake yaende yanakotaka, na yalikwenda sakafuni. Viatu vya Sitini na Nne vilikuwa vya kahawia, vumbi jeupe la lenzi limeshika kwenye mishono, ncha zote mbili zikielekea mlangoni. Kwa nje wifi aliita, "Nyie huko, mmelala?" na hakuna aliyemjibu.

"Nakupenda," Milimita aliviambia vile viatu, na sauti ilitoka bila kukaririwa, imekwaruza, mbaya, hata yeye hakuitambua. "Nakupenda sana. Nenda ukitaka."

Viatu havikwenda. Vilikaa pale muda mrefu, vimeelekea nje. Kisha cha kushoto kikageukia ndani.